Harusi ya Julai Njombe: rangi tulizopanga na majaketi yaliyotaka kuzifunika

Kisa hiki kinahusu harusi moja niliyosimamia mapambo yake mjini Njombe, Jumamosi ya katikati ya Julai. Majina, kanisa, ukumbi na mwaka nimeviondoa, na mambo mawili matatu ya kifamilia nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Fedha nimeziandika kama zilivyokuwa kwenye daftari la mweka hazina. Nakiandika kwa ajili ya wapambaji wenzangu na wanakamati ambao kila mwaka wanapata kadi za Juni, Julai na Agosti za Njombe, Makete, Mafinga au Lushoto, kisha wanapamba kana kwamba wako Sinza, kwenye joto la Dar es Salaam.

Mahali na watu

Njombe mjini pako karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ikifika Juni mvua zimekwisha, nyasi zimekauka na kuwa kahawia, upepo unavuma kutwa, na usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10. Kwenye mabonde huanguka jalidi, yaani umande ulioganda, baadhi ya asubuhi. Mkulima wa viazi anaamka anakuta majani meusi kana kwamba usiku kulipita moto. Wenyeji wanaijua hali hii na wanavaa inavyostahili. Hata hivyo ndio msimu wa harusi, kwa sababu mavuno yameingia, barabara za vijijini zinapitika na watoto wamefunga shule.

Bwana harusi ni mzaliwa wa huko, kazi yake iko Dar es Salaam. Bibi harusi amekulia Dar, na kabla ya kupelekwa kujitambulisha ukweni hakuwahi kuvuka Morogoro. Kamati ilitegemea wageni 320 hivi, na kati yao 120 wangesafiri kutoka Dar kwa mabasi mawili ya kukodi. Ni safari ya kutwa nzima: Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, ndipo Njombe, na ukishuka usiku baridi inakupokea mlangoni mwa basi.

Ukumbi ulikuwa wa kawaida kwa miji yetu: paa la bati, sakafu ya saruji, madirisha makubwa, na taa za mirija zenye mwanga mweupe wa kubluu. Kitu cha kupasha joto hakikuwepo. Niweke wazi hilo mapema, maana kisa chote kinatokea hapo.

Alichotaka bibi harusi

Alinitumia picha kumi na tisa. Zote zilikuwa za harusi za majira ya baridi huko Ulaya na Marekani: vitambaa vyeupe pepe, fedha, samawati iliyopauka kama barafu, matawi makavu yaliyopuliziwa rangi ya fedha, shanga za kioo zikining'inia kama matone yaliyoganda. Alisema, "Dada, kwa kuwa ni baridi, tuifanye harusi ya barafu kabisa. Watu waingie waseme waah."

Wazo halikuwa baya, na picha zilikuwa nzuri. Ila nilipozitazama tena usiku niliona kitu: hakuna mtu aliyevaa koti. Wanawake mabega wazi, wanaume wamevua makoti wamebaki na vizibao. Nje kuna theluji, ndani kuna mitambo ya joto. Ukiwa umekaa ndani ya joto, rangi ya barafu ukutani inapendeza kwa sababu hailingani na unachokisikia mwilini. Mgeni wetu angekaa kwenye ukumbi wa bati wenye baridi ile ile anayoiona ukutani.

Sikumwambia hivyo moja kwa moja. Mpambaji ukimkatalia bibi harusi wazo lake la kwanza, hatakuamini kwa la pili. Nilimwomba tusubiri kikao.

Kikao cha tatu

Kwenye kikao mama mzazi wa bwana harusi alizitazama zile picha kwenye simu, akaziangalia moja moja, akairudisha simu kwa mikono miwili. Akasema kwa upole, "Mwanangu, jalidi inatuunguzia viazi kila mwaka. Wewe unataka tuitundike ukutani?" Watu walicheka, na bibi harusi naye akacheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Nikaomba ruhusa ya jaribio. Saa 1:30 usiku tulikwenda ukumbini watu watano na vipande vinne vya kitambaa: cheupe, samawati iliyopauka, damu ya mzee, na kijani kilichokolea cha msonobari. Tukavitundika nyuma ya meza kuu. Chini ya zile taa za mirija, cheupe na samawati viligeuka kama ukuta wa zahanati. Damu ya mzee ilisimama lakini ikaonekana imechoka. Kisha nikazima mirija yote na kuwasha mkanda mmoja wa taa za njano niliokuja nao. Hapo damu ya mzee ikawaka kama makaa, kijani kikatulia pembeni yake, na samawati ikawa kijivu kisicho na jina. Bibi harusi alisimama kimya, halafu akasema, "Basi nimeona mwenyewe."

Kulikuwa na pingamizi la shangazi mmoja kwamba damu ya mzee ni rangi nzito na inakaribia msiba. Hoja hiyo niliichukua kwa uzito, kwa sababu ukumbini shangazi mmoja aliyenuna anaharibu zaidi ya taa mbovu. Tukakubaliana ichanganywe na dhahabu iliyofifia kila mahali, isionekane peke yake hata kwenye kitambaa kimoja.

Tatizo likabaki moja, nalo lilikuwa limeshalipiwa: akina mama 28 wa kamati walikuwa wameshanunua satini ya samawati kwa sare, na mafundi wawili walikuwa wamekwisha kukata.

Kilichonifanya nibadili mpango mzima

Wiki mbili kabla ya harusi nilialikwa kwenye shughuli nyingine mjini hapo hapo, kama mgeni tu. Rangi zao zilikuwa zambarau na krimu, sare zimeshonwa vizuri sana. Nilizijua rangi hizo kwa sababu niliziona kanisani mchana. Usiku ukumbini sikuziona tena. Kila mama alikuwa amevaa juu ya sare yake jaketi la mitumba: jekundu, la kijani, la timu ya mpira, moja lina maandishi ya kampuni ya ujenzi mgongoni. Mpiga picha alihangaika kuwaomba wavue kwa dakika moja tu, "dakika moja tu mama zangu", na wengine walikataa. Ilipofika saa 3:30 meza za nyuma zilikuwa tupu, zawadi bado hazijatolewa.

Nilirudi nyumbani nikachora upya. Katika harusi ya baridi, rangi ya harusi ni ile ya nguo ya juu kabisa. Kama kamati haikupanga nguo ya juu, basi rangi yao imepangwa na muuza mitumba. Tangu hapo swali langu halikuwa tena meza zifunikwe na nini. Lilikuwa: mgeni atajifunika nini, na atakitoa wapi?

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulikuwa mtandio mzito wa damu ya mzee kwa kila mgeni, apewe mlangoni na aondoke nao. Kabla ya hapo kamati ilipanga kutoa glasi zilizoandikwa majina ya maharusi kama kumbukumbu. Hizo tukazifuta, na bahati nzuri hazikuwa zimelipiwa. Kitambaa tulikinunua kwa jora, cha sufu nyepesi, upana mita 1.5. Ukikata urefu wa mita 1.8 kisha ukagawa upana katikati, unapata mitandio miwili. Kamati ilikubali 240 tu, kwa hoja kwamba wanaume hawatavaa. Hesabu ikawa hivi: mita 216 kwa shilingi 4,500 ni 972,000, fundi wa kupiga ova pembeni ili nyuzi zisifumuke, shilingi 300 kwa kila mmoja, ni 72,000. Jumla 1,044,000, yaani shilingi 4,350 kwa mgeni.

Pesa hizo hazikuwa kwenye bajeti, na katikati ya michango huwezi kurudi kwa watu ukaongeza ahadi. Tulizitoa kwenye maua. Waridi mabichi ya kusafirishwa yalikuwa yametengewa 1,100,000. Tukabakisha 250,000 kwa shada la bibi harusi na meza kuu pekee. Mezani tukaweka koni za paini, yale matunda makavu ya mti huo, ambazo Njombe zinaokotwa bure, na matawi ya mikaratusi. Watoto wa jirani walijaza magunia mawili kwa siku moja. Kisha tukakata majokofu mawili ya kukodi na barafu yake, 150,000. Mweka hazina alishtuka: "Harusi bila vinywaji baridi?" Wenyeji wakamjibu wenyewe. Julai Njombe mtu anaagiza soda moto na bia moto, na ukimletea ya baridi anaishika kwa leso. Shilingi 44,000 zilizopungua alizitoa mjomba wa bwana harusi hapo hapo kikaoni, ili, alivyosema, mjadala uishe twende tukale.

Mtandio ndio uliotatua hata suala la zile sare za samawati. Satini ile ilibaki kama ilivyo, na juu yake ukakaa mtandio wa damu ya mzee. Kwa wapambe wanne wa bibi harusi tulishona vikoti vifupi vya mahameli ya rangi hiyo hiyo. Mahameli ni kitambaa kinachokamata mwanga kwenye kila mkunjo, na chini ya taa za njano kinaonekana cha bei kubwa kuliko kilivyo.

Kila mtandio ulifungwa kwa uzi wa katani na kadi ndogo: "Kamwene. Karibu, jifunike." Kamwene ndiyo salamu ya wenyeji, na nilitaka mgeni wa Dar aipokee pamoja na kitu cha kumpa joto. Wazo hilo lilikuwa la dada wa bwana harusi, si langu.

Kuhusu taa, tulikodi mikanda ya taa za njano na kumwomba msimamizi wa ukumbi azime mirija upande wa wageni, abakishe ya jikoni na ya njia ya chooni. Watu wengi hawajui kwamba kwenye boksi la taa kuna namba inayoonyesha aina ya mwanga: zilizoandikwa 6500K zina mwanga mweupe wa kubluu, zilizoandikwa 2700K au 3000K zina mwanga wa njano. Kwa rangi nzito za msimu wa baridi, hizi za pili hazina mbadala.

Supu nayo ilizua ugomvi. Desturi yetu ni mgeni kukaa, kuangalia maharusi wakiingia, utambulisho, keki, na chakula kuja saa 3 au saa 4. Mimi nilitaka kikombe cha supu ya moto yenye pilipili manga na tangawizi mlangoni, kabla ya chochote. MC alisema itavunja itifaki. Watu wakishika vikombe hawapigi makofi. Mama mmoja wa kamati akamaliza: "Baba, mtu anayetetemeka naye hapigi makofi." Tukaandaa lita 50.

Jambo la mwisho nililokataa, na ningelikataa hata kama ningenyang'anywa kazi, ni majiko ya mkaa ndani ya ukumbi. Mjumbe mmoja alipendekeza manane, mawili kila kona, madirisha yafungwe joto lisitoke. Alikuwa na nia njema. Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha unatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaanza na kichwa kuuma na usingizi, anadhani amechoka na safari. Majiko manne yakawekwa nje, kwenye baraza lenye paa lisilo na kuta, na pembeni yake viti vya wazee waliotaka kuota moto.

Mambo yalivyokwenda

Ijumaa saa 2:15 usiku mabasi yaliingia. Tuliwapokea kwa chupa za chai ya tangawizi, na nikaona kosa letu la kwanza kabla mtu hajashuka. Vijana walivaa fulana. Akina dada walivaa viatu vya wazi. Ujumbe wa kuwaambia wabebe sweta zito, soksi na nguo za mikono mirefu tuliutuma kwenye kundi la WhatsApp siku ya Jumatano, siku mbili kabla ya safari, wakati mizigo imefungwa na gauni zimeshonwa.

Usiku ule ule lilitokea jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasimama kidogo. Kwenye nyumba ya wageni moja, mama mwenye watoto wawili aliona watoto wanatetemeka, akaomba jiko la mkaa la jikoni, akaliingiza chumbani na kufunga dirisha. Mlinzi aliliona likipitishwa. Baada ya kama nusu saa akaenda kugonga. Mama alikuwa analalamika kichwa, watoto wamelala. Wakatolewa nje, madirisha yakafunguliwa, wakapewa blanketi za mhudumu mwenyewe. Asubuhi walikuwa wazima na walihudhuria harusi. Tulikuwa tumejadili majiko ya ukumbini kwa saa nzima na hatukufikiria hata mara moja kwamba watu 120 wasioijua baridi watalala mahali fulani.

Jumamosi kanisani kulikwenda vizuri. Jua la saa 5 Njombe linatosha ukikaa upande wa dirisha. Saa 10 alasiri tulikwenda kupiga picha kwenye mashamba ya chai. Hapo rangi ililipa. Chai ni kijani mwaka mzima hata nyasi zote zikikauka, jua la alasiri lilikuwa limelala, na vikoti vya mahameli vilisimama mbele ya kile kijani bila kusaidiwa. Bibi harusi, shela lake la mikono wazi, alikuwa anakimbilia kwenye gari lenye joto kila baada ya picha tano. Mpiga picha akapenda mwanga, akaomba dakika kumi, kisha kumi nyingine. Midomo ya bibi harusi ikaanza kuonyesha zambarau chini ya rangi ya mdomo. Msimamizi wake, mwanamke mwenye busara, akafunga zoezi bila kumuuliza mtu.

Kuchelewa huko kulitufikisha ukumbini saa 12:50 jioni. Jua la Julai Njombe linazama kama saa 12:35. Tulipanga maharusi na wapambe waingie kwa tarumbeta kutoka uwanjani, wageni wakiwa nje na mitandio yao, ionekane kama mto wa damu ya mzee. Tulichokiona ni mto mweusi. Macho ya binadamu kwenye mwanga hafifu hupoteza wekundu kwanza. Buluu na kijani hubaki vikionekana muda mrefu zaidi. Samawati ya akina mama wa kamati, niliyoipigania ifunikwe, ndiyo iliyong'aa kuliko kitu chochote pale uwanjani. Shangazi wa msiba alinitazama. Sikuwa na la kusema.

Ndani hali ikageuka. Taa za njano, dhahabu kwenye pembe za vitambaa, harufu ya mikaratusi iliyopata joto la mishumaa, supu mikononi. MC alisalimia "Kamwene!" na ukumbi mzima ukaitikia, wa Dar kwa sauti kubwa kuliko wenyeji. Wanaume nao walivaa mitandio, tena kwa namna zao, wengine shingoni kama mashabiki wa mpira, wengine begani kama wazee wa baraza. Mitandio 240 iliisha wakati wageni kama sabini hivi hawajapata. Wengi wao walikuwa vijana walioingia mwisho, wakakaa nyuma, na kwenye picha za nyuma yapo yale yale majaketi.

Kulikuwa na moto mdogo meza ya 14. Mtoto alisogeza koni karibu na mshumaa. Koni ya paini ina utomvu na inashika haraka. Mgeni akaimwagia soda. Kitambaa kiliungua tundu la ukubwa wa sahani.

Meza ya wazee tuliitoa karibu na mlango mkuu, mahali ilipokuwa kwenye mchoro wa kwanza, tukaiweka ndani ukutani. Tulijisifu. Hatukuona kwamba ukuta ule una mlango mdogo ambao wapishi wanautumia, na kila sahani iliyopita iliingia na upepo. Bibi mmoja alivumilia mpaka saa 3, kisha akaniita kwa kidole: "Mwanangu, huu mlango nina deni nao?" Tukawahamisha katikati ya utambulisho wa upande wa kike, na ilionekana vibaya.

Chakula kilitoka saa 3:20. Mafuta ya pilau hayakuganda kwa wale waliopakuliwa kwenye meza za mwanzo. Kwa meza za mwisho yaliganda, kwa sababu sahani zilikuwa za kauri, baridi kama jiwe, na hakuna aliyefikiria kuzipitisha kwenye maji ya moto.

Saa 4:15 nilipita nikihesabu viti. Watu kama 260 walikuwa bado ndani. Zawadi zilitolewa mbele ya ukumbi uliojaa, na muziki ulizimwa saa 6 kasoro kwa sababu kibali kiliishia hapo.

Uchambuzi

Kilichobeba harusi hii ni mtandio, na sababu yake ni kwamba shilingi moja ilifanya kazi tatu: ilipaka ukumbi rangi, ilimpa mgeni joto, na ikawa zawadi ya kumbukumbu. Maua ya 850,000 tuliyoyaacha yangefanya kazi moja kwa saa tano. Kosa lilikuwa idadi. Kamati ilipiga hesabu ya tabia za wanaume wa Dar wakiwa Dar. Safari nyingine nitaagiza kwa idadi ya viti, na kama fedha ni kidogo, nitapunguza upana wa mtandio kabla ya kupunguza hesabu.

Jaribio la usiku ukumbini lilituokoa na harusi ya zahanati, lakini lilikuwa nusu jaribio. Tulipima rangi mahali pa kukaa, hatukuipima mahali pa kupita. Rangi nzito nyekundu inahitaji mwanga wake mwenyewe kila inapoonekana jioni; mienge au mikanda miwili ya taa pale uwanjani ingetosha. Au tungeingia saa 11:45, jambo ambalo kwenye harusi za Kitanzania nalitaja kwa kuwa ni wajibu wangu kulitaja. Pia nimejifunza kutoidharau samawati. Ukumbini ilipotea, jioni uwanjani iliwaka. Ningeiacha kwa makusudi kwenye kitu kimoja cha nje, labda riboni za magari na vitambaa vya njia ya kuingilia.

Supu ningeirudia kama ilivyo. Lita 50 kwa vikombe vya robo lita hazikufika kwa wote, na hapo lawama ni yangu, maana nilihesabu kwa kikombe kidogo cha kahawa na wapishi wakaleta vikombe vya chai. Makofi, kwa taarifa ya MC, yalipigwa.

Suala la yule mama na watoto wake ndilo ninalolihesabu kuwa kushindwa kwetu hasa, ingawa liliisha salama na halionekani kwenye picha yoyote. Kamati ilikuwa na mjumbe wa malazi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vitanda. Hakuna aliyempa kazi ya kuuliza kuna blanketi ngapi kila kitanda, maji ya moto yapo saa ngapi, na mwenye nyumba anamjibu nini mgeni anayeomba jiko la mkaa. Sasa nina karatasi ya mstari mmoja ninayoibandika mlangoni mwa kila chumba cha mgeni, imeandikwa kwa herufi kubwa: JIKO LA MKAA HALIINGII CHUMBANI, OMBA BLANKETI LA PILI MAPOKEZI. Na kabla ya kuibandika nahakikisha hilo blanketi la pili lipo.

Ujumbe wa mavazi unatakiwa kutoka pamoja na kadi ya mchango, sio na ratiba ya basi. Mtu wa Dar akiambiwa miezi miwili mapema atapita kwenye mitumba, ambako sweta nzito ni za bei ndogo kwa kuwa huko hazina mnunuzi, na atamwambia fundi aweke mikono kwenye gauni. Na ujumbe useme nyuzi joto na viatu. Neno "baridi" peke yake kwa mtu wa Dar maana yake ni kiyoyozi cha ofisini.

Daftari la kamati lilifungwa wiki mbili baadaye na salio la shilingi 61,500. Mama wa bwana harusi aliomba lisigawanywe. Alinunua nalo mabaki ya jora lile kwa muuzaji yule yule, akamrudishia fundi wa ova, na mitandio mingine kumi na mbili ikapelekwa kwa vijana wa meza za nyuma ambao aliwaona kwenye video wamekaa na majaketi yao.